Kura Mbili kwa Moja

Watu wanadhani hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anakaa pale mbele peke yake na Mungu wake, anaamua anavyotaka. Si kweli, na kama kuna mtu anayejua kwamba si kweli ni mimi. Kwa utaratibu wa miaka ile tulikuwa tunakaa watatu: hakimu katikati, mzee wa baraza kulia, mzee wa baraza kushoto. Hata ukiwa mwanamke umejifunga kitenge chako, ukiingia mle unaitwa mzee. Tukishasikiliza mashahidi tunaingia chumba cha nyuma, tunaulizana, na tusipokubaliana tunapiga kura. Hakimu ana kura moja, mimi moja, mwenzangu moja. Wawili wakisema hivi, hata hakimu awe na vyeti vya kujaza kabati, imekwisha, ataandika walichosema wale wawili. Nilikaa kiti cha kushoto miaka sita. Mwaka wa mwisho nilifanya jambo ambalo nalibeba mpaka leo.

Mimi ni Mhehe wa Mufindi, mjane, nauza milango na vitanda kando ya barabara kuu hapa Mafinga. Mafundi wangu wananiogopa, na wana sababu. Usharikani kwetu, kwa Walutheri, ni mzee wa kanisa pia, na huko nako sinyamazi. Mchungaji akirefusha mahubiri mpaka ugali wa watu unapoa majumbani, namwonyesha saa ya mkononi, tena mbele ya watu. Nayasema haya ili ujue kwamba siku niliyonyamaza, sikunyamaza kwa sababu sina mdomo. Mdomo ninao. Mungu alinipa na akazidisha.

Hakimu wetu alikuwa binti wa Kinyakyusa kutoka Mbeya, hajafika hata miaka thelathini na tano, mwembamba, ana miwani mikubwa kuliko uso. Siku ya kwanza aliniamkia shikamoo mbele ya karani na askari, akanisogezea kile kiti chenye mto. Nikasema moyoni, huyu kalelewa. Haukupita mwezi akawa anakula kwangu kila Jumatano, maana ndiyo siku tuliyokuwa hatuna kesi za mchana. Kwao ni Wamoravian, na kanisa lao huku lilikuwa mbali na alipopanga. Nikamwambia, "Mwanangu, Mungu ni yule yule, njoo kwetu." Akaja. Akawa anakaa benchi la nyuma na vijana, anaimba sauti ya pili mpaka wanakwaya wanageuka kutazama. Kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka pale kanisani, na hilo naomba ulishike.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mama mmoja wa Kibena na mwanamume wa upande wa Nyololo. Walikaa pamoja miaka kumi na mmoja, wakazaa watoto watatu, bila kufunga ndoa kanisani wala bomani. Wengi wanaishi hivyo huku, tusidanganyane. Mwaka wa kumi na moja mwanamume akatubu. Akaona anaishi dhambini, na njia aliyoiona ya kutoka dhambini ni kumfukuza huyu mama na kutangaza ndoa na binti wa kwaya. Alituambia hivyo hivyo, ameapa kwa Biblia, na uso wake mkavu. Mama akadai nusu ya shamba la miti, ekari nne za paini ambazo zilikuwa zimebakiza miaka michache kuvunwa. Mwanamume akajibu: ndoa hakuna, kwa hiyo mke hakuna, kwa hiyo nusu hakuna.

Tulipoingia chumba cha nyuma hakimu alivua miwani, akatueleza pole pole kama anavyofanya siku zote. Sheria inasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, majirani wakawajua kuwa mume na mke, basi wanadhaniwa wana ndoa mpaka mtu athibitishe vingine.

"Hilo la ndoa halinipi shida," akasema. "Shida yangu ni shamba. Ardhi ni ya ukoo wa mwanamume, aliirithi kabla hajamjua huyu mama. Mimi ningempa sehemu yake kwenye nyumba, na matunzo ya watoto. Kwenye shamba naona ushahidi ni mwembamba."

Mwenzangu wa kulia alikuwa mzee wa Kiislamu wa asili ya Kihindi, muuza mabati na misumari. Babu yake ndiye aliyekuja, yeye kazaliwa hapa hapa, na Kihehe anakijua kuliko wajukuu zangu. Akakuna kidevu. "Ardhi ni ya ukoo, sawa. Na miti je? Ukoo ndio ulipanda?"

Mimi hapo nikalipuka. Sikuzungumza kwa sheria, nikiri. Nilizungumza kwa yaliyonipata. Nilipofiwa na mume wangu, shemeji zangu walikuja kupima shamba kabla matanga hayajaanuliwa, wanasema eti mimi nilikuwa napika tu. Napika! Mimi niliyebeba miche kutoka kitaluni kwa kichwa, mtoto mgongoni, mvua ya Januari inanipiga. Nikamwambia hakimu, "Mwanangu, wewe vitabu unavijua, sikunyimi. Lakini kuchimba mashimo ya miche una mtoto mgongoni hujui. Ule mgongo wa yule mama ndio ushahidi. Ushahidi gani tena mnataka?"

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatuuliza kama tuna hakika. Mzee wa mabati akasema anayo. Mimi nikasema anayo hata mtoto wa chekechea. Basi kura mbili kwa moja, nusu ya shamba ikaenda kwa mama. Hakimu akaandika kwenye jalada kwamba yeye ana maoni tofauti lakini washauri wake wawili ndio wengi. Kisha akafunga kalamu, akatuambia jambo ambalo alilisema kila kesi, ila siku ile nililisikia vizuri zaidi: "Tukitoka humu, hakuna aliyesema hiki na aliyesema kile. Imesema mahakama."

Akatoka, akasoma uamuzi kwa sauti iliyonyooka, kama vile ni wake tangu mwanzo. Yule mama wa Kibena alipiga magoti palepale kwenye sementi. Mimi niliona raha mno. Jioni ile nilichinja kuku.

Sasa diwani. Diwani wetu ni mwanangu wa ubatizo. Mimi ndiye niliyemshika siku anabatizwa, akanichafulia gauni jipya, na nimemfundisha Sala ya Bwana kabla hajajua kufunga vifungo. Usije ukafikiri nakuletea hadithi ya mwanasiasa mnafiki, wapo wa kutosha, waandike wengine. Huyu si mnafiki. Hanywi pombe, hata ulanzi wa kuonja. Anafunga Ijumaa. Ana mke mmoja na anamwogopa. Alipopata udiwani alikuja kwangu tukasali, akalia, akasema, "Mama, niombee nisije nikasema uongo." Nikamwombea. Anachokiamini ndicho anachokisema jukwaani, na kwa mwanasiasa hilo ni jambo la hatari, maana watu wanamwamini.

Ikafika Sikukuu ya Mavuno. Kwetu siku hiyo kanisa linajaa mpaka nje, madhabahuni mahindi, mbatata, mikungu ya ndizi, kuku wamefungwa miguu wanalia katikati ya zaburi. Baada ya matangazo mchungaji akawakaribisha viongozi watoe salamu, kama ilivyo kawaida. Diwani akapanda. Akasema Bwana asifiwe, akashukuru mvua, halafu sauti ikabadilika.

"Ndugu zangu," akasema, "nina uchungu. Sheria za nchi hii zinatungwa Dodoma, na watu mliowapigia kura. Hakimu hakuna aliyempigia kura. Lakini hapa kwetu kuna hakimu kaja na sheria zake kwenye mkoba. Kasema kukaa kinyumba na kufunga ndoa takatifu ni kitu kimoja. Katoa mali ya ukoo, kaitoa kuwa zawadi ya uzinzi! Tutawaambia nini mabinti zetu?"

"Kweli!" watu wakaitika. "Sema, mheshimiwa!"

Nilikuwa benchi la mbele na wazee wenzangu, mita tatu kutoka kwake. Nilijua yule binti hakimu yuko nyuma, nilikuwa nimemwona akiingia na kikapu cha parachichi alizoletewa kutoka kwao, amezifunika kwa kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe. Ndipo diwani akanitazama, macho yamejaa upendo.

"Na mama yangu yule pale," akasema. "Mnajua anakaa mahakamani. Amelazimika kukaa mle ndani, asikilize hayo, asiwe na la kufanya. Najua alivyoumia. Tumwombee mama yetu."

Kanisa zima likanigeukia. Mama mmoja nyuma yangu akaniwekea mkono begani. Palikuwa na kimya kidogo, cha kutosha kabisa mtu kusimama na kusema, "Hapana, mwanangu, umekosea, mimi ndiye." Maneno matano. Mimi ninayemkatiza mchungaji! Na nilifanya nini? Niliinamisha kichwa. Nikakiinamisha taratibu, kama mtu aliyeumia, nikashika kitambaa nikafuta macho ambayo hayakuwa na kitu. Sikusema uongo hata neno moja, na sijawahi kudanganya watu wengi namna ile kwa mara moja.

Kwa nini? Nimejiuliza miaka mitatu. Kusema ukweli, nilipenda. Nilipenda ule mkono begani. Niliona nikisimama, wale wote wataniambia mzee wa kanisa anabariki uzinzi, na kiti changu cha mbele kitakuwa cha mtu mwingine Jumapili ijayo. Nikaogopa. Ndiyo hivyo, hakuna sababu nyingine ya maana.

Baada ya ibada ukaja mnada wa mazao pale nje. Anayenadi ni mzee mmoja mcheshi, anawachekesha watu mpaka wanashindania boga moja. Binti alisimama pembeni, akanyoosha mkono kwenye jogoo. Mnadi akamwona, akapitisha macho juu ya kichwa chake kama anatazama mawingu, akampa mwingine. Akanyoosha tena kwenye mahindi. Hivyo hivyo. Kikapu chake cha parachichi kilipoinuliwa, mtu akanong'ona ni cha nani, na hakuna mkono ulioinuka. Mnadi akakiweka chini, akashika kuku. Na mimi nilikuwa nimesimama palepale, wanawake wamenizunguka wananipa pole. Mkono wangu haukuwa na ganzi. Ningeweza kuunyoosha.

Jumatano ile alikuja kula kama kawaida. Nilidhani hatakuja, na nilikuwa naomba asije. Akaamkia, akala, akaosha vyombo. Mlangoni akasimama, akasema bila kunitazama, "Mama, mimi siwezi kusema. Kazi yangu hainiruhusu."

Alimaanisha mimi naweza. Hata mbuzi angeelewa. Nikamjibu, "Mungu anaona, mwanangu." Mungu anaona! Ndilo neno nililompa mtoto wa watu. Jumatano iliyofuata hakuja, wala nyingine tena.

Nilikwenda dukani kwa mzee mwenzangu kununua bawaba, ingawa bawaba nilikuwa nazo tele. Nilitaka kusikia na yeye kanyamaza, ili tuwe wawili. Akanifungia bawaba kwenye gazeti, akanitazama juu ya miwani.

"Dada yangu," akasema, "nimesikia yaliyosemwa kanisani kwenu."

"Nawe ulipiga kura," nikamwambia. "Mbona husemi?"

"Mimi nikisema kesho watasema Mhindi kagawa mashamba ya Wahehe. Mambo yatakuwa mabaya zaidi, na kwa yule binti pia. Wewe ni wa kwao. Mzee wa kanisa. Ukisema wewe, yamekwisha siku hiyo hiyo." Akanisukumia kifurushi. "Ukisimama, nitakuja kusimama nawe. Hata ndani ya kanisa lenu nitakuja, nitavua viatu mkitaka."

Alitaka kunichekesha. Sikucheka. Nikachukua bawaba zangu nikaondoka, nina hasira naye kwa sababu kasema kweli.

Kisha ikaja barua. Wazee wa kanisa walikaa, wakaandika malalamiko kwenda kwa wakubwa wa mahakama, kwamba hakimu huyu anahukumu kwa matakwa yake na maadili yake yana shaka. Maadili! Binti asiyewahi kuonekana hata kwenye harusi baada ya saa mbili. Ilipofika zamu yangu kusaini, mwenyekiti akafunika karatasi kwa mkono. "Wewe mama usisaini, tusije tukakuponza kwenye kazi yako. Tunakulinda." Nikasema asante. Niliondoka pale nimelindwa kila upande.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, ukungu umefunika mpaka magogo ya kiwanda cha mbao jirani hayaonekani, diwani akaja kwangu. Uso wake ulikuwa umebadilika, karibu nisimtambue. Yule mwanamume wa Nyololo alikuwa anakata rufaa, akamwomba diwani amsaidie kusoma nakala ya hukumu, maana Kiswahili cha mahakama kilimshinda. Diwani akaisoma. Akaifungua mezani kwangu, akaweka kidole.

"Mama, hapa hakimu anasema yeye alikuwa na maoni tofauti. Anasema wazee wawili ndio walioamua." Akanigeuzia karatasi. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na wewe ulikuwa mmoja wa hao wawili."

"Tulikuwa wawili tu, mwanangu. Ningekuwa nani mwingine?"

Nilingoja anifokee. Ningefurahi. Badala yake akafunika uso kwa mikono. Alipoinua kichwa alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima, diwani.

"Nimemsingizia mtu," akasema. "Mbele ya madhabahu. Kesho nitasimama, mama. Nitaomba mchungaji anipe dakika mbili niseme nilikosea, kwamba yule dada hakuhusika, na nitamwomba radhi kwa jina lake."

Hapo ndipo pabaya. Yale ya kanisani ulikuwa woga, na woga una msamaha wake. Haya niliyafanya nimekaa kwenye kiti changu, chai mezani, akili zangu zote ninazo.

"Ukisema si yeye, watauliza ni nani," nikamwambia.

"Sitakutaja, mama."

"Watatu ukiondoa mmoja wanabaki wangapi? Hata mjukuu wangu atajua."

Akasema, kwa upole kabisa, "Basi simama na mimi. Tuseme pamoja. Watu watatuelewa."

Nami nikamtolea maneno matakatifu, maana ninayo, nimeyasikia maisha yangu yote. Nikamwambia kanisa litagawanyika. Nikamwambia shetani atapata mlango. Nikamwambia kwamba ukweli una wakati wake, na kwamba Bwana mwenyewe mbele ya Pilato alinyamaza. Ee Mungu wangu, nilimtaja mpaka Bwana! Nilipoona bado anatikisa kichwa, nikatoa la mwisho: "Mimi ndiye niliyekushika kwenye maji. Sijawahi kukuomba kitu. Nakuomba hiki. Usiseme mpaka nife."

Alinitazama kama ananisoma upya. Huku kwetu mtu hamkatalii mama yake wa ubatizo, unajua, ni sawa na kumkatalia aliyekuzaa. Alikunja zile karatasi, akasema, "Sawa, mama," akatoka kwenye ukungu bila kunywa chai.

Rufaa haikufika mbali. Mahakama ya juu ilikubali uamuzi wetu, na yule mama wa Kibena akabaki na nusu ya miti yake. Mtaani wakasema mahakimu wanalindana. Lakini kabla ya hapo binti alikuwa ameshahamishwa, kapelekwa kituo cha mbali kabisa. Aliondoka siku mbili baada ya kupata barua ya uhamisho. Hakuja kuaga. Aliacha kwa karani sufuria yangu niliyompa siku moja na mboga, imesuguliwa mpaka inang'aa.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma, wakala wengine. Mwanangu diwani toka siku ile amekuwa mtu mwingine. Akiitwa kutoa salamu kanisani anasema Bwana asifiwe, anaketi. Watu wanamsifu, wanasema cheo kimemtuliza. Uchaguzi uliofuata hakugombea. Alisema biashara ya mbao imembana. Mimi nikawaambia watu ndiyo, mbao zinabana.

Mwaka huu mguu wangu ukanipeleka hospitali Mbeya, na nilipomaliza kwa daktari nilimpigia karani wa zamani anielekeze. Hakimu yuko Mbeya sasa, ofisi moja ya mahakama pale mjini, anashughulika na majalada, hasikilizi kesi. Nilikaa kwenye benchi la korido saa nzima. Alipotoka akasimama ghafla, halafu akaja, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Lile shikamoo lilinichoma kuliko tusi. Akanipeleka ofisini kwake, akaniagizia chai na andazi, akauliza mguu, akauliza wajukuu kwa majina. Nikamuuliza mbona hasikilizi kesi. Akatabasamu. Akasema ile barua ya kanisa iko kwenye faili lake, na kila anapofikiriwa kwa nafasi, mtu anaifungua, anauliza hili la maadili lilikuwaje. Akasema kuna mtu alirekodi yale mahubiri ya diwani kwa simu, yakazunguka kwenye WhatsApp mpaka yakafika Mbeya. Mama yake mzazi alimtumia akimuuliza: mwanangu, huyu anayesemwa ni wewe?

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nilimwambia imesema mahakama."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia yote. Kichwa nilichoinamisha, parachichi ambazo sikununua, karatasi waliyonifunikia. Alikuwa anaitikia kidogo kidogo, ndiyo mama, ndiyo mama, kama mtu anayesikiliza anachokijua. Nikaona anajiandaa kunisamehe. Uso wake ulikuwa tayari umelegea. Ningeweza kuishia hapo nikarudi Mafinga nimepona.

Lakini nilikuwa nimechoka na mimi mwenyewe, nikamaliza. Nikamwambia na habari ya ile Jumamosi. Kwamba diwani alikuja na nakala, akalia, akataka kusimama kesho yake amwombe radhi mbele ya kanisa lote. Na kwamba nilimzuia mimi.

Hakuitikia ndiyo mama. Alivua miwani.

"Alitaka kusema?"

"Alitaka. Alinibembeleza tuseme wote."

"Kesho yake?"

"Kesho yake."

Akageukia dirishani. Chumba cha pili watu walikuwa wanagonga mihuri na kuitana, ofisi ina kelele zake. Aliongea bila kunigeukia, na sauti haikuwa ya kufoka.

"Miaka mitatu nimemchukia yule kaka, mama. Nimefunga, nimesali, nimeombewa mpaka na wachungaji nisiowajua, ile chuki haikutoka. Nilikuwa nakuombea wewe, nasema maskini mama yangu, aliogopa. Yeye nilikuwa namlaani." Akafuta miwani kwa ncha ya blauzi, akafuta tena ingawa ilikuwa safi. "Kumbe nilimkosea."

Nilitaka kusema nisamehe. Nikaona aibu kulitoa neno lile, maana ingekuwa namwomba tena kitu. Akavaa miwani, akatazama saa, akasema ana kikao saa nane. Akachukua mkoba wangu, akanishika mkono upande wa mguu mbovu, tukashuka ngazi pole pole, kwa sababu kwao mgeni hatoki peke yake. Getini akasimamisha bajaji, akanisaidia kupanda, akamwambia dereva aende taratibu. Halafu akatoa simu, akaniomba namba ya diwani. Nikamtajia tarakimu moja moja, na nilipofika mwisho alikuwa ameshaiweka sikioni.